DHAMANA SI HISANI YA AFANDE
Maongezi na vijana wa kijiweni, Majengo, Moshi



Nimeombwa niseme neno juu ya trafiki, pombe na dhamana. Nitasema, lakini naanza kwa kuwaudhi. Anayeshika usukani akiwa chakari hana mtetezi katika maongezi haya. Barabara ya kutoka Himo kupanda Marangu hadi Rombo mnaijua kona zake. Mnaijua pia Desemba yetu, ndugu wanapopanda kutoka Dar na Arusha kuja kula sikukuu nyumbani, na mbege inachemka kila kilabu. Msiba wa mtu aliyegongwa na mlevi hausababishwi na chama tawala wala na mapenzi ya Mungu. Unasababishwa na mlevi.

Hayo yakishasemwa, nauliza: mlevi akikamatwa, ni mtu au si mtu? Katiba yetu ya mwaka 1977 inajibu katika ibara ya 13. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Afande wa barabarani hathibitishi, wala kijidude cha kupulizia hakihukumu. Hakimu ndiye anayehukumu. Leo nazungumzia kipindi kilichopo kati ya afande na hakimu, kwa sababu hapo ndipo mlalahoi anapokamuliwa.

MJOMBA ALISAINI NINI?

Nitawapa kisa kimoja, na msiniulize kituo gani. Jamaa yangu, dereva wa Hiace, alikamatwa Jumapili jioni akitoka kilabu huko Kibosho. Alikuwa ameutwika mtungi sawasawa, sikatai. Asubuhi tukafika kituoni, mimi na mama yake. Mtu mmoja wa kaunta akatuambia dhamana ni shilingi laki moja na nusu. Mama, ambaye anauza ndizi Mbuyuni, akakopa kwa wenzake. Tukalipa. Risisi hatukupewa na hatukuuliza. Tukaambiwa pia tulete mdhamini mwenye makazi, nikamfuata mjomba wake mlimani. Mzee alipoanza kuisoma karatasi, mimi ndiye niliyemhimiza: "Saini tu mjomba, kijana atoke."

Jamaa akatoka. Kichwani mwake kesi ilikuwa imekwisha, si kalipa? Siku aliyotakiwa kuripoti hakwenda, akapata safari ya Tanga akaondoka. Baada ya majuma mawili mjomba aligongewa mlango alfajiri, polisi wanamtaka mtu wake. Yule mzee aliniita akaniuliza neno moja tu: "Mwanangu, nilisaini nini?" Sikuwa na jibu. Alikuwa akikifikiria kihamba chake, walikozikwa baba na babu yake, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilimfanya atie sahihi asichokijua.

Jamaa alirudi akafikishwa mahakamani siku ya Ijumaa. Upande wa mashtaka ukasema huyu alikwisha kuruka dhamana ya polisi. Hakimu akataka wadhamini wawili. Nyumbani hakuna aliyetaka kushika kalamu tena. Karandinga likampeleka Karanga, akalala huko mpaka Jumatano. Mwishoni alikiri kosa akatozwa faini, na faini ile ilikuwa na risisi. Ile laki na nusu haikuonekana katika karatasi yoyote ya kesi, na deni la mama likabaki pale pale. Tajiri wa Hiace naye alikwisha kuajiri dereva mwingine.

Kisa hiki kina makosa manne, na mawili ni yangu. Sasa sikilizeni sheria inavyosema.

USIKU WA KWANZA

Kosa la kuendesha umelewa liko katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Kipimo kilichowekwa kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ukipita hapo una kosa, hata kama unajiona unatembea wima. Pikipiki nayo ni chombo cha moto, kwa hiyo wewe wa bodaboda usicheke.

Ukisimamishwa, usibishane wala usikimbie. Ukipimwa, omba kuona namba iliyotoka na uikumbuke. Usitoe noti. Kutoa rushwa ni kosa kama kupokea, kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na sasa badala ya kesi moja utakuwa nazo mbili.

Kituoni una haki ya kuelezwa unashikiliwa kwa kosa gani, na kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuomba kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu wa sheria. Maelezo yako yakiandikwa, yasome au usomewe kabla ya kutia sahihi. Kama bado kichwa kinazunguka, sema wazi kwamba hujatulia. Ni aibu ndogo kuliko kusaini hadithi ya mtu mwingine.

Kisha dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema hivi kwa maneno ya kijiweni: mtu akikamatwa bila hati, na haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri lake, na isipokuwa kosa linaonekana zito, amwachie kwa bondi, yenye wadhamini au isiyo na wadhamini. Usitegemee kutoka usiku ule ule ukiwa bwii, kwani mtu asiyejua jina lake atasaini nini? Lakini kukicha na kichwa kikitulia, anza kuuliza. Uliza kwa adabu, na umuulize mkuu wa kituo mwenyewe: "Afande, naomba dhamana. Masharti yake ni yapi?"

BONDI SI BEI

Hapa ndipo wengi tunapoliwa. Bondi ni ahadi iliyoandikwa. Unaahidi kurudi siku fulani, mahali fulani. Pengine kunaandikwa kiasi cha fedha, na mdhamini anatia sahihi kwamba wewe ukitoroka yeye atadaiwa kiasi hicho. Ukirudi kama ulivyoahidi, hadaiwi hata senti. Dhamana ya polisi hainunuliwi kaunta kama soda.

Ukiambiwa ulipe, uliza swali moja: "Kumbukumbu namba iko wapi?" Malipo halali ya serikali siku hizi yana kumbukumbu namba na risisi. Fedha inayoingia mfukoni bila karatasi si dhamana wala si faini, na haikufutii kesi. TAKUKURU wana simu ya bure, namba 113. Tume ya Jaji Warioba iliandika mwaka 1996 juu ya rushwa ndogo ndogo zinazomkaba mwananchi wa chini, na polisi na mahakama hazikuachwa nje. Wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa. Kaunta mnaijua.

Sasa mdhamini. Kwa kawaida anatakiwa mtu mzima mwenye kitambulisho, makazi yanayojulikana na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mtafute kabla hujakamatwa, maana saa nane ya usiku hakuna mtendaji aliye ofisini. Na ukimleta mzee wako, msomee karatasi yote, neno kwa neno. Mwambie tarehe. Mwambie kiasi. Mwambie kwamba akiona unaanza kumponyoka, anaweza kwenda mahakamani kuomba kujitoa udhamini. Mimi sikumwambia mjomba lolote katika hayo.

LANGO LA KARANGA

Ukifikishwa mahakamani, dhamana ya polisi imekwisha kazi yake na ya mahakama inaanza. Mashtaka yatasomwa, utajibu kweli au si kweli. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana inajulikana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha na mengine ya namna hiyo. Ulevi wa barabarani haumo. Kwa hiyo hakimu ataweka masharti, na sheria inamtaka azingatie uzito wa shauri na asiweke kiasi cha kupindukia. Masharti yakikushinda kabisa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyalegeza, na hapa Moshi tunayo Mahakama Kuu, huna haja ya kupanda basi.

Lakini dhamana kuwa wazi si sawa na wewe kuwa nje. Wadhamini wasipokamilika, unakwenda mahabusu hata kama kosa lako ni dogo. Wakikamilika baadaye, lazima hakimu awakubali, bondi zisainiwe, na hati ya kukutoa ifike gerezani. Mkuu wa gereza hafungui lango kwa maneno ya shangazi. Ndiyo maana Ijumaa ni siku mbaya: karatasi ikichelewa alasiri, unahesabu Jumamosi na Jumapili ndani. Ndugu zako wawe mahakamani saa mbili asubuhi, barua mkononi, wasije saa nane wakiuliza chumba.

Kama huna fedha ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo. Uliza mahakamani, uliza ustawi wa jamii. Kuuliza si ujinga.

WAKUBWA NA WADOGO

Mtasema: mwandishi, haki hizi ni za vitabuni. Nakubali kwamba zinapindishwa, na sisi wa upinzani tumeonja. Novemba 2016 Godbless Lema, mbunge wa Arusha Mjini wakati huo, alikamatwa kwa maneno ya jukwaani. Kosa lenyewe lilikuwa na dhamana. Alikaa mahabusu Kisongo mpaka Machi 2017, miezi minne, watu wakibishana juu ya rufaa. Freeman Mbowe na Esther Matiko walifutiwa dhamana Novemba 2018 kwa hoja kwamba hawakufika mahakamani, na hawakutoka Segerea mpaka Mahakama Kuu ilipowarudishia Machi 2019. Kama kiongozi wa upinzani bungeni, mwana wa Machame, alilala ndani miezi zaidi ya mitatu kwa suala la kufika tarehe, wewe wa Hiace unajidanganya nini ukienda Tanga?

Na upande wa pili, mwaka 2016 Rais Magufuli alimfukuza kazi Charles Kitwanga, waziri wa mambo ya ndani, yaani waziri wa polisi, kwa kuingia bungeni na kujibu swali akiwa amelewa. Ulevi, basi, hauchagui kofia. Sheria nayo isichague.

Lakini haki hizi hazikupatikana kwa kulalamika kijiweni peke yake. Mwaka 1991 mtu wa kawaida, Daudi Pete, alisababisha Mahakama ya Rufani itamke kwamba kipengele kilichomnyima dhamana kilikiuka Katiba. Serikali ilirudi baadaye na vifungu vipya, na mabishano yakaendelea mpaka mwaka 2020, mahakama hiyo hiyo ilipokataa kuifuta orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Tunashinda hapa, tunashindwa pale. Asiyejua hata hayo machache tuliyonayo hashindi popote.

Wazee wetu wanamkumbuka Augustine Mrema, mwana wa Vunjo, alipokuwa waziri wa mambo ya ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alitoa siku saba, na watu wakatetemeka. Mwananchi aliyeonewa alikimbilia kwake badala ya kufungua sheria. Tulimpenda kwa hilo. Mwaka 2016 aliteuliwa mwenyekiti wa Bodi ya Parole, akawa mtu wa kushughulikia wafungwa watoke, na mwaka 2022 akafariki. Mungu amrehemu. Lakini haki inayomngoja Mrema apite ni bahati. Mrema akiwa hayupo, unabaki na nini? Unabaki na karatasi, tarehe na mdomo wako.

Kwa hiyo nawaachia haya. Ukinywa, acha ufunguo kwa mwenye kilabu, ulale kwa shangazi au upande daladala. Ukikosea ukakamatwa, nyamaza, pimwa, omba dhamana, soma kabla ya kusaini, dai risisi. Na ukiachiwa, rudi siku uliyoahidi, hata kama kuna safari ya Tanga yenye posho nono.

Mimi nilipanda tena Kibosho kumwomba mjomba msamaha. Alinikaribisha, akanipa kiti mgombani. Kisha akaingia ndani akaleta nakala ya ile bondi, aliyokuwa ameikunja ndani ya Biblia, akasema: "Nisomee." Nikamsomea yote, pole pole, mara mbili. Nawe kawasomee wako kabla polisi hawajagonga.