Deni Dogo Linaweza Kufunga Mlango wa Kazi

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni)



Leo tuongee juu ya deni. Si lile la dukani, maana mwenye duka anakukumbusha kila ukipita. Ni lile la simu na la benki, linalonyamaza mpaka siku mtoto wako anaitwa kazi.

Mvua ikikosa huku kwetu, ndengu inakauka na watu wanakopa. Si aibu. Lakini Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu kwa maofisa wa serikali. Ndiyo maana matangazo mengi ya kazi za serikali yanataja vyeti vitano: cha tabia njema kutoka kwa polisi, cha EACC, cha kodi kutoka KRA, cha HELB, na cha CRB, yaani ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Hesabuni wenyewe: vitatu vya mwisho vyote vinauliza kama umelipa unachodaiwa.

Mbona serikali iulize? Mtu anayeshika bunduki, stoo ya dawa au pesa za umma, akibanwa na madeni, ni rahisi kununuliwa. Polisi walipoanza kupigwa msasa mwishoni mwa 2013, waliulizwa hata juu ya akaunti za benki na pesa za M-Pesa. Na Katiba, vifungu vya 99 na 193, inamzuia mtu aliyefilisika kisheria, ambaye hajaondolewa hali hiyo, kugombea ubunge au udiwani.

Kwa hivyo tuelewane: kukopa si kosa. Shida ni deni lililotupwa. Tushike mambo haya:

1. Tangu 2020, deni chini ya Sh. 1,000 halipelekwi CRB kama deni baya. Lakini la Sh. 1,500 linaweza kupelekwa. Mkopeshaji anatakiwa kukujulisha kwanza, na ukitupa laini ya simu hutapata habari.

2. Usimpe mtu kitambulisho na simu yako akope. Tuseme shangazi amekopa Sh. 3,000 kwa jina la kijana wake na hakulipa. Atakayeulizwa siku ya kazi ni kijana, si shangazi.

3. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Kampuni zenye leseni ni Metropol, TransUnion na Creditinfo. Angalia mapema, usingoje barua ya kazi. Ukiona deni lisilo lako, lalamika kwa maandishi na uweke nakala.

4. Ukimaliza kulipa, chukua cheti. Kumbukumbu inaweza kukaa miaka 5 zaidi, lakini itaonyesha umelipa. Hakuna broka wa kufuta jina. Anayekuomba pesa kwa kazi hiyo anakula pesa yako.

5. Aliyesoma kwa mkopo wa HELB na hana kazi asijifiche. Aende wapange. Anayelipa pole pole naye hupewa cheti cha kuonyesha kwamba anatimiza mpango wake.

6. Usiuze mbuzi kutafuta vyeti kabla ya wakati. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe anakupa kazi. Ila deni lipa sasa, maana siku hiyo ikifika muda huwa mfupi.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaongeza: kikundi kisimcheke mwenye deni, maana akichekwa atalificha. Kama tunavyoshirikiana katika mwethya kulima shamba la mmoja wetu, tunaweza kumsaidia kupanga malipo yake.

Maswali ya kujadili:

– Ni nani kati yetu amewahi kukopa kwa simu ya mwingine?
– Ni vijana gani wanatafuta kazi mwaka huu, na wameangalia majina yao?
– Kikundi chetu kinaweza kumkopesha mmoja amalize deni la simu, kwa riba gani na kwa muda gani?