Leseni ya Kilabu cha Pombe: Zisikilizwe Pande Zote Mbili

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: leseni, ombi, pingamizi, rufaa.

Leseni ni ruhusa iliyoandikwa. Ombi ni kuitaka ruhusa hiyo. Pingamizi ni neno la mtu asiyekubali. Rufaa ni kupeleka shauri kwa mkubwa zaidi, ukiona kwamba hukutendewa haki.

Leo tutazungumza juu ya ugomvi unaozuka mara nyingi. Mtu anataka kufungua kilabu cha pombe, na majirani zake hawataki.

Katika Nyanda za Juu Kusini pombe si kitu kigeni. Watu wa Iringa wanajua ulanzi, unaogemwa katika mianzi michanga wakati wa mvua. Watu wa Mbeya wanajua kimpumu cha ulezi na komoni ya mahindi. Akina mama wengi wamesomesha watoto kwa fedha ya pombe. Na akina mama wengine wamelala njaa na watoto wao, kwa sababu fedha ya nyumbani iliishia kilabuni. Mambo yote mawili ni kweli. Ndiyo maana iko Sheria ya Vileo, Namba 28 ya mwaka 1968. Kwa sheria hiyo, kuuza pombe bila leseni ni kosa.

Sasa tufanye mfano. Tuseme wewe ni mama mjane, unakaa Mwanjelwa, mjini Mbeya. Umejenga kilabu chako kwa akiba ya miaka mingi. Umepeleka ombi. Kisha unaambiwa, “Ombi lako limekataliwa. Watu wamelalamika.” Ni watu gani? Wamesema nini? Huambiwi.

Je, hiyo ni haki? Hapana. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo asikilizwe kikamilifu. Pia awe na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Hilo halihusu mahakama peke yake. Hata kikao kinachoamua leseni yako kinahusika.

Shauri moja la Mbeya lilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Ni Rufaa ya Madai Namba 45 ya mwaka 2000, ya kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport. Halikuwa shauri la pombe, lakini fundisho lake linatufaa. Majaji walieleza kwamba kusikilizwa ni haki ya msingi iliyomo katika Katiba.

Basi, mama, andika barua. Omba uambiwe sababu za kukataliwa kwa maandishi. Omba nafasi ya kujibu. Weka nakala ya barua yako, na uandike tarehe uliyoipeleka. Usitoe “chai” kwa mtu yeyote. Rushwa ni kosa, na tena haina stakabadhi.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme unakaa Kihesa, mjini Iringa, na mwombaji ni jirani yako. Ukuta wake na dirisha la watoto wako vinatazamana. Wewe pia una haki ya kusema. Lakini usiseme tu, “Simpendi,” au, “Anaringa.” Hayo si pingamizi. Sema jambo linaloweza kutazamwa na kupimwa: shule iko hatua ngapi, choo kiko wapi, muziki unapigwa mpaka saa ngapi. Andika, tieni sahihi majirani wote mnaokubaliana, mpeleke kabla kikao hakijakaa.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kila upande utavuta. Kwa hiyo anayeamua asisikilize upande mmoja. Na aende akapaone mahali penyewe.

Mara nyingine jibu si “ndiyo” wala “hapana”. Pengine mama atachimba choo kizuri, atageuza spika zitazame barabarani, atafunga kwa saa iliyowekwa, na watoto hawatauziwa pombe. Majirani nao wataweza kulala. Mapatano kama hayo yaandikwe, yasomwe mbele ya wote, yatiwe sahihi. Maneno ya mdomo husahauliwa upesi, hasa penye pombe.

Ndugu mwanafunzi, mwaka jana pengine ungeweka dole gumba chini ya barua usiyoweza kuisoma. Leo unaweza kuisoma kwanza. Isome yote ndipo utie sahihi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Pingamizi na chuki vinatofautianaje?
2. Kwa nini mwombaji aambiwe sababu za kukataliwa?
3. Nusu ya darasa iandike barua ya mama mjane, na nusu nyingine iandike barua ya majirani. Kisha badilishaneni, msome.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.