SAA MOJA YA MWANGAZA
(Hotuba ya Katibu wa Elimu wa tawi kwa wanachama wa Kitale, kisha ikarudiwa Bungoma)



Nimepewa nafasi niseme juu ya kazi ya shule wanayopewa watoto wetu wakaifanye nyumbani. Nasikia wengine wakinong'ona kwamba hili si neno la chama, kwamba chama ni mshahara na nyumba. Ngojeni kidogo. Mwulize mwanachama ye yote mshahara wake unakwenda wapi: atataja posho kwanza, na shule ya pili. Basi neno la shule ni letu.

Nasema hasa juu ya watoto wa darasa la 4, la 5 na la 6. Wazee walioketi hapa mbele wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950 mtoto wa Kiafrika alifanya mtihani mwisho wa mwaka wa 4, na wengi walioshindwa walirudi kuchunga. Aliyepita alingojwa na K.A.P.E. katika darasa la 8. Tangu 1985 tulikuwa na K.C.P.E., na huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Wazazi wengine wakafurahi, wakasema mitihani imekwisha, mtoto apumzike. Si kweli. Tangu 2022 watoto wa darasa la 6 wana mtihani wao, na wale wa kwanza waliomaliza darasa la 9 mwaka 2025 walipopimwa, alama za darasa la 6 zilihesabiwa 20 katika kila 100. Mtoto wa miaka 11 au 12 tayari anatafuta nafasi yake ya mbele.

Sasa tutazame nyumbani. Mtoto anatoka shule saa 10. Anafika, anatua mfuko, anatumwa maji. Akirudi, kuni. Kisha ndama wafungwe, mdogo wake abebwe, sufuria zioshwe. Akimaliza ni usiku. Ndipo baba anauliza kwa sauti kubwa, "Umefanya kazi ya mwalimu?" Mtoto anainama mbele ya koroboi, moshi machoni, na mafuta yenyewe yamenunuliwa ya kupima. Baada ya mistari mitatu amelala juu ya daftari. Kesho anaulizwa shuleni. Mwenye kosa ni nani?

Hapa kwetu jua huchwa kati ya saa 12 na nusu na saa 1 hivi, Januari mpaka Desemba. Hatuna giza la mapema kama Ulaya wakati wa baridi. Kwa hivyo toka saa 10 mtoto ana zaidi ya saa 2 za mwangaza usiouzwa dukani. Nawaomba saa 1 katika hizo iwe yake. Anywe uji, akae, afanye kazi ya mwalimu, ndipo aende mtoni. Wenye stima au taa za jua wana nafuu, lakini hata kwao mtoto aliyechoka hasomi.

Saa 1 yatosha. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2006 alikusanya pamoja na wenzake uchunguzi mwingi juu ya jambo hili. Yeye anaikubali kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: darasa la 4 dakika 40, darasa la 6 dakika 60. Tena waliona kwamba kwa watoto wadogo faida ya kazi hii katika alama ni ndogo kuliko kwa wale wa sekondari. Nawaambieni haya ili msimkeshe mtoto mpaka saa 4 za usiku mkidhani mnamsaidia.

Saa ile ni ya kijana na ya msichana pia. Nimeingia nyumba ambamo kijana ameketi mezani na kitabu, na dada yake wa darasa lile lile anaosha sahani. Halafu muhula ukiisha tunasema msichana hana akili. Mnisamehe, jambo hili hunitia hasira.

Na mimi nina kosa langu. Siku moja binti yangu alipewa hesabu za kugawanya. Nikaona anachelewa, nikachukua kalamu nikazifanya zote kwa njia niliyofundishwa zamani. Zote zilikuwa sawa. Alipoitwa ubaoni hakuweza hata moja, na jioni ile hakunisemesha. Tangu hapo nakaa kando yake tu na gazeti langu, namwambia, "Nionyeshe ulivyofanya." Mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza vile vile. Afungue daftari atazame wino mwekundu. Kazi ya majuma mawili isipokuwa na alama ya mwalimu hata moja, aende shuleni akaulize, lakini bila matusi. Mwalimu naye ni mfanya kazi, chama chao K.N.U.T. kiliundwa 1957, na daftari mbele yake ni nyingi kuliko mikono yake. Na zile kazi za kutaka picha zichapishwe mjini kwa shilingi zetu, tuzisemee katika mkutano wa wazazi, sote pamoja. Mmoja mmoja hatusikiki.

Sasa nafika penye uchungu. Trans Nzoia tunapanda Machi na Aprili, na mavuno huanza Oktoba. Mtihani wa darasa la 6 nao, mwaka 2023, 2024 na 2025, ulianza mwisho wa Oktoba. Ndipo mwenye kazi ya kipande, akiona hatamaliza, humleta mtoto asaidie kuvunja mahindi. Nyapara ananyamaza, maana mahindi yanavunjwa. Sheria ya Kazi ya 2007 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13 aajiriwe kazi yo yote. Kama kipande ni kikubwa hata mtu mzima hawezi kukimaliza bila mwanawe, basi kipande ndicho kibaya, na hilo hakuna atakayesema si neno la chama! Leteni kwa Katibu: tarehe, shamba, kipimo cha kazi. Tutalipeleka kwa mwajiri. Lakini tutasema nini, ikiwa karatasi zake zinaonyesha kipande kimemalizwa kila siku, na waliokimaliza ni watoto wetu tuliowaficha katikati ya mahindi?

Niliposema haya Bungoma, mama mmoja anayepalilia miwa alisimama akauliza, "Bwana Katibu, nyumba yangu ni chumba kimoja, watoto ni 5, na jirani ana redio. Saa hiyo moja mtoto ataketi wapi?" Sikuwa na jibu. Wanachama wakashauriana, wakakata shauri tawi limwandikie mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, aache darasa moja wazi mpaka saa 11 na nusu, na wanachama wanaotoka kazini mapema wakae mlangoni kwa zamu kuwaangalia watoto. Majina 4 yaliandikwa siku ile ile, la kwanza likiwa la mama huyo. Barua imekwenda. Daftari ya majina ya Kitale iko mezani kwa Katibu, na mpaka sasa ina jina langu tu.