Mtoto Mchanga Anajua Mengi

 

Leo tuzungumze kuhusu mtoto mchanga. Wengi husema, "Huyu bado hajui kitu." Sivyo. Tangu azaliwe anaitambua sauti yako. Kufikia miezi 2, watoto wengi hutabasamu wakichekewa na kufuata uso wa mama kwa macho. Kufikia miezi 4, hukaza shingo na kugeukia sauti.

Utamsaidiaje? Huhitaji kununua kitu. Unapomnyonyesha au kumwogesha, mtazame machoni, mwimbie, zungumza naye. Akitoa sauti, mjibu. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kwenye mkeka kwa dakika chache huku ukimwangalia, ili shingo na mgongo vipate nguvu. Lakini anapolala usingizi, mlaze chali.

Watoto hawalingani, kwa hivyo usimlinganishe wako na wa jirani. Hata hivyo, akipita miezi 2 bila kutabasamu, au miezi 4 shingo ikiwa bado legevu, au ikiwa hashtuki akisikia kelele, usikubali kuambiwa, "Ngoja, atakua tu." Mpeleke kliniki pamoja na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Usingoje siku ya chanjo. Na ukienda kwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, muulize muuguzi kama mtoto anaendelea vyema. Tatizo likijulikana mapema, mtoto husaidika zaidi.