Mtoto Hasemi Kwamba Haoni
Mazungumzo kwa wazazi na walezi kuhusu macho ya watoto wadogo

Mazungumzo haya yametayarishwa kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale wenye kulea watoto wa chini ya miaka 8. Yanaweza kusomwa kwa sauti kwenye kliniki ya watoto, barazani au katika mkutano wa wazazi wa chekechea.



Mtu mzima akianza kupungukiwa na nuru ya macho hulalamika. Atasema maandishi ya msahafu yamekuwa madogo, au kwamba mtu wa ng'ambo ya barabara hamtambui mpaka asikie sauti yake. Mtoto wa miaka 3 hasemi hivyo. Kama hajawahi kuona vizuri, hana cha kulinganisha nacho. Anavyoona yeye ndivyo anavyodhani watu wote wanaona. Akiwa na jicho moja zima na moja bovu, atakimbia, atacheza, ataokota sindano sakafuni, na nyumba nzima isijue lolote. Wengi hugunduliwa wakishaingia shule ya msingi, na kwa baadhi ya matatizo wakati huo umechelewa.

Sababu ya kuchelewa ni hii. Kuona si kazi ya jicho peke yake. Jicho hupokea picha, na ubongo ndio unaojifunza kuisoma. Kujifunza huko huanza mtoto anapozaliwa, huenda mbio katika miaka ya mwanzo, kisha hupungua sana afikapo miaka 7 au 8. Jicho likizibwa au likienda upande katika kipindi hicho, ubongo huzoea kutumia lile jingine na kuliacha hilo. Baadaye jicho linaweza kutibiwa likawa safi kabisa, lakini ubongo hauna habari nalo. Mzee mwenye mtoto wa jicho anaweza kungoja mwaka mzima mpaka apate nauli, akapasuliwa na akaona tena. Mtoto mchanga hawezi kungojewa hivyo. Hesabu yake ni ya wiki na miezi.

Hilo jina "mtoto wa jicho" lenyewe linapotosha kidogo. Lina neno mtoto ndani yake, na bado watu wengi huamini ni ugonjwa wa wazee. Kuna watoto wanaozaliwa nao. Dalili yake ni weupe au ukungu katikati ya mboni, pale panapotakiwa kuwa peusi. Weupe huohuo unaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Mara nyingi mzazi ndiye anayeuona kwanza, wakati mwingine kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa taa: jicho moja hutoka na nuru nyekundu, na jingine hung'aa jeupe kama la paka usiku. Picha ya namna hiyo isifutwe. Ipelekwe kituo cha afya pamoja na mtoto, wiki hiyohiyo. Saratani hii ikigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingine hata jicho huokolewa. Ikiachwa huua. Hapo hakuna nafasi ya kusema tusubiri tuone.

Katika kitabu cha afya ya mama na mtoto, kile kinachobebwa kila siku ya kliniki, kuna sehemu ya kuandika hali ya macho: kama mboni ina weupe, kama mtoto anafuata kitu kwa macho, kama ana makengeza. Mara nyingi uzani hujazwa, chanjo zikajazwa, na sehemu hiyo ikabaki wazi. Mama ana haki ya kumwomba muuguzi aijaze, na si utovu wa adabu kuuliza.

Makengeza nayo yana imani zake. Wapo wanaosema ni ya ukoo, na ni kweli huweza kurithiwa. Wapo wanaosema mtoto atakua nayo yatoweke yenyewe. Kwa mtoto mchanga, macho kucheza huku na huku mara mojamoja ni kawaida mpaka karibu miezi 4. Baada ya hapo, jicho linaloendelea kwenda upande linahitaji kupimwa, hata kama linafanya hivyo jioni tu mtoto anapochoka. Huenda miwani peke yake ikatosha. Huenda likafunikwa lile jicho zima kwa saa fulani kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Mtoto atalia na kukivua kile kitambaa, na bibi atamwonea huruma, lakini matibabu ndiyo hayo, na kadiri anavyoanza mapema ndivyo yanavyofanya kazi.

Nyumbani kuna kipimo kidogo ambacho hakigharimu kitu. Mtoto akiwa ametulia anatazama kitu anachokipenda, mzazi amzibe jicho moja kwa kiganja bila kuligusa, kisha amzibe la pili. Asipojali upande wowote, ni dalili njema. Akitulia likizibwa moja, lakini akasukuma mkono na kulia kila likizibwa jingine, huenda lile lililobaki wazi halioni vizuri. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari, ila kinatosha kumfanya mzazi apande matatu.

Sasa dawa za nyumbani, na hapa ndipo pa kusema kwa urefu. Mtoto akiwa na tongotongo au wekundu, mara nyingi jirani ndiye daktari wa kwanza. Mmoja atasema akamuliwe maziwa ya mama, mwingine chai ya rangi, mwingine maji ya majani, mwingine asali. Nia ni njema, lakini vitu hivi si safi kwa jicho, na majani mengine huunguza. Kioo cha mbele cha jicho kikipata kidonda, hupona kwa kovu jeupe, na kovu hilo halifutiki kwa dawa ya matone.

Wanja ni desturi ya Pwani na hakuna anayedharau desturi. Hata hivyo wanja wa aina kadhaa umepimwa na kukutwa una madini ya risasi, ambayo huingia mwilini mwa mtoto na kudhuru ubongo unaokua. Anayetaka mtoto wake apendeze ana nguo, ana kofia, ana mafuta. Ndani ya kope za mtoto mchanga kusitiwe kitu.

Mtoto mchanga anayetoa usaha machoni katika siku 28 za mwanzo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hasa kope zikiwa zimevimba. Kuna viini anavyoweza kuvipata wakati wa kuzaliwa ambavyo hutoboa jicho kwa siku chache tu. Ndiyo maana anayezaliwa kituoni hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni. Aliyezaliwa nyumbani hayapati, basi afikishwe kituoni mapema. Lile jicho linalotoa machozi tu bila wekundu wala usaha mara nyingi ni njia ya machozi haijazibuka, na kwa watoto wengi huzibuka kabla ya mwaka mmoja. Muuguzi ataonyesha namna ya kulikanda.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, tatizo linaloonekana sana ni macho ya kuwasha. Mtoto huyafikicha mchana kutwa, yanageuka rangi ya udongo, wakati wa vumbi yanazidi. Huu ni mzio. Hauambukizi, na wengi hupungukiwa nao wakifikia ujana. Hatari iko kwenye tiba. Mzazi huenda duka la dawa, hupewa kichupa chenye dawa ya steroidi, na kesho yake macho ni meupe pe. Dawa imeonekana nzuri, basi hununuliwa tena, na tena, na binamu naye hutiwa. Dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu bila daktari kupima, huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na kuua mshipa wa kuonea. Huweza pia kuleta mtoto wa jicho. Nuru iliyopotea kwa presha hairudi. Kitambaa safi chenye maji baridi hupunguza kuwasha, na zipo dawa za mzio zisizo na steroidi. Kichupa cha mtu mwingine kisitumike, hata kama ni cha ndugu wa tumbo moja.

Macho mekundu ya kuambukiza ni jambo jingine. Mapema mwaka 2024 yalienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani. Kwa kawaida hupona yenyewe. Kinachosaidia ni kunawa mikono kwa sabuni, kila mtu kuwa na taulo yake, na mtoto kubaki nyumbani mpaka apone. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au kuona kukipungua, si macho mekundu ya kawaida tena, na mtoto apelekwe hospitali.

Chakula kina sehemu yake. Mtoto anayejikwaa na kugonga vitu magharibi ikiingia, na mchana hana shida, huenda amepungukiwa na vitamini A. Mapapai, maembe mabivu, mchicha, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maini na mayai vinayo. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi 6 mpaka mtoto afikie miaka 5. Wengi huacha kwenda kliniki chanjo ya miezi 18 ikishapita, na matone hukatika hapo. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18 nayo hulinda macho, maana surua ni mojawapo ya magonjwa yanayopofusha watoto, hasa wenye lishe duni.

Walimu wa chekechea huona mengi ambayo nyumbani hayaonekani: mtoto anayeinamia kitabu mpaka pua iguse karatasi, anayepindisha shingo kutazama ubao, anayenakili kwa jirani badala ya ubaoni. Kabla ya kuitwa mzito, apimwe macho. Miwani haiharibu macho, na msichana mwenye miwani ataolewa kama wenzake. Kucheza nje kwenye mwanga wa mchana, saa 2 hivi kwa siku, husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali. Simu ya mama haina faida hiyo.

Kitu kikali kama chokaa, saruji au maji ya betri kikiingia jichoni, jicho lioshwe palepale kwa maji mengi safi, dakika 20 au zaidi, ndipo safari ianze. Kama limechomwa na kijiti au limepigwa na jiwe la manati, lisioshwe wala kukandamizwa wala kung'olewa kitu kilichochoma. Lifunikwe bila kuligusa, kwa mfano kwa kikombe safi, na mtoto akimbizwe hospitali.

Safari huanzia zahanati iliyo karibu. Muuguzi akiona haja ataandika barua ya rufaa kwenda hospitali yenye kliniki ya macho, au Kwale Eye Centre. Kwa saratani ya jicho, rufaa huweza kufika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Familia isajiliwe SHA kabla haijaugua, kwa sababu siku ya dharura si siku ya kutafuta namba za vitambulisho. Mzazi abebe kitabu cha kliniki, picha ya simu kama ipo, na kichupa chochote kilichokwisha kutiwa jichoni, hata kama anaona haya kukionyesha.