Furaha na Faida ya Maonyesho Madogo

Haya ni maneno ya mmoja wa waratibu wetu wa kilimo na mifugo, aliyoyatoa katika mkutano wa viongozi wa vikundi wakati wa maandalizi ya Nane Nane. Tunayachapa kwa maombi ya wajumbe.



Nimeombwa nizungumze juu ya ziara yangu ya mwezi Julai mwaka jana katika jimbo la Iowa, Marekani, ambako nilikuwa mgeni wa wakulima wa kaunti moja ndogo. Kaunti kule ni kama wilaya kwetu. Iowa ina kaunti 99, na kila mwaka majira ya joto kaunti hizo hufanya maonyesho yao ya kilimo. Yapo pia maonyesho makubwa ya jimbo zima, mwezi Agosti katika mji wa Des Moines, yanayovuta watu wapatao milioni moja. Hayo sitayazungumzia. Nitazungumzia yale madogo, kwa sababu ndiyo tunayoweza kuyafanya hata sisi.

Kwanza niseme wazi kwamba nilifurahi sana. Uwanja wenyewe hauzidi viwanja viwili au vitatu vya mpira. Kuna mabanda ya mifugo yaliyoezekwa kwa bati, ukumbi mmoja wa mazao na kazi za mikono, na jukwaa la watazamaji. Harufu ya majani makavu na ya samadi inakupokea mlangoni. Watoto wanaosha ng'ombe kwa mpira wa maji na sabuni, wanawachana manyoya kama mtu anayekwenda harusini. Akina mama wa kanisa wana meza yao ya vyakula, wanauza vipande vya keki za matunda na maji ya ndimu, na fedha inakwenda kwenye kazi za kanisa. Jioni matrekta yanashindana kuvuta mzigo mzito, na watu wanashangilia kama kwenye mechi ya watani wa jadi. Nilikula, nilicheka, nilichoka, na bado sikutaka kuondoka.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: karibu kila kilichokuwa pale kilikuwa cha watu wa pale pale. Nyanya tano kwenye sahani ya karatasi zililetwa na mzee wa kijiji cha jirani. Mkate uliokatwa kipande uliokwa na mama aliyesimama nyuma yangu. Mbuzi alikuwa wa mtoto aliyemshika kamba. Watazamaji na waonyeshaji walikuwa ni watu wale wale.

Maonyesho haya yalivyoanza

Jambo hili lilianza kwa udogo. Mwaka 1807, mfanyabiashara mmoja aliyegeukia kilimo, Elkanah Watson, alichukua kondoo wawili aina ya Merino akawaweka hadharani katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts. Kondoo hao wenye sufu nzuri walikuwa wageni machoni pa wengi, na watu walijaa kuwatazama. Watson akajiuliza: kama kondoo wawili wameleta watu wote hawa, je, tukileta mifugo yetu yote? Mwaka 1810 akawakusanya wakulima wa eneo lake waonyeshe mifugo yao, na mwaka uliofuata wakaunda chama. Baadaye wakaongeza zawadi kwa akina mama waliofuma nguo. Mfano huo ukaenea nchi nzima.

Karibu miaka mia moja baadaye wakaingia watoto. Wataalamu waliona kwamba wakulima wazee walisita kupokea mbinu mpya kutoka vyuoni, lakini watoto walikuwa tayari kujaribu. Mtoto alipovuna mahindi mengi kwenye kishamba chake, baba naye akataka kujua siri. Mwaka 1902, katika kaunti ya Clark, jimbo la Ohio, mwalimu A. B. Graham alianzisha klabu ya watoto ya kilimo ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa vilabu vinavyoitwa leo 4-H, yaani kichwa, moyo, mikono na afya, maneno ambayo kwa Kiingereza yote huanza na herufi H. Majirani zetu wa Kenya nao walikuwa na vilabu vyao vya 4-K shuleni: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilififia kwa miaka mingi, na mwaka 2021 vikazinduliwa upya.

Jaji anayeeleza

Sasa niwaeleze wanavyohukumu, maana hapo ndipo penye shule.

Katika uwanja wa mbuzi, jaji aliwapapasa wote mgongoni na mapajani, akawapanga, kisha akachukua kipaza sauti. Hakutangaza majina tu. Alieleza kwa nini wa kwanza ni wa kwanza, na kwa nini wa tatu ni wa tatu: huyu mgongo umejaa nyama, yule anatembea vizuri lakini paja ni jembamba. Watu wote waliokaa pale, hata mimi mgeni, tulijifunza kuchagua mbuzi kwa dakika kumi bila semina.

Kwa kazi za watoto kuna utaratibu mwingine. Jaji huketi mezani na mtoto, wakazungumza: ulikusudia nini, ulifanyaje, mwakani utabadilisha nini? Kisha kazi hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, si kwa kumlinganisha mtoto na mwenzake. Utepe wa bluu ni wa kazi nzuri sana, mwekundu ni wa kazi nzuri, mweupe ni wa kazi inayohitaji kurekebishwa. Watoto kumi wakifanya vizuri, wote kumi wanapata bluu. Na mtoto wa mifugo huwa na daftari: mnyama alinunuliwa kwa bei gani, amekula chakula cha kiasi gani, ameongezeka kilo ngapi. Nilimwuliza binti wa miaka kama kumi na miwili juu ya maksai wake. Alinijibu kwa tarakimu. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema ng'ombe wao amewagharimu kiasi gani?

Siku ya mwisho kulikuwa na mnada. Binti yule alimzungusha maksai wake uwanjani, na mwenye duka mmoja wa mji ule akamnunua kwa bei iliyozidi ya soko. Wafanyabiashara hufanya hivyo makusudi, ili mtoto apate akiba ya masomo. Binti alipokea pongezi huku machozi yakimtoka, maana alijua mnyama aliyemlea anakwenda machinjioni. Hakuna aliyemcheka. Ufugaji ni hesabu, na pia ni moyo.

Tusidanganyane

Sitaki mdhani kwamba kule hakuna matatizo. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba yapatayo milioni 6.8; sensa ya kilimo ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 1.9 tu. Wastani wa umri wa mkulima ni miaka 58. Vijana wao nao wanahama. Maonyesho hayakuzuia hayo, kwa kuwa bei za mazao, ardhi na mitambo mikubwa vina nguvu kuliko utepe wa bluu. Lakini wazee niliozungumza nao walisema kwamba waliobaki shambani, wengi wao walianza na sungura au ndama mmoja kwenye maonyesho ya kaunti.

Na sisi je? Kila mwaka tunapanga gari kwenda Nane Nane. Ni jambo jema, na tuendelee nalo. Pale tunaona mbegu, mitambo na mifugo bora. Lakini wengi wetu tunakwenda kama watazamaji. Tunapita banda hadi banda, tunapewa vipeperushi, tunarudi na vumbi na kofia. Kijana anayeachwa nyumbani kuchunga mbuzi haoni kwamba kazi yake ina heshima yoyote. Kisha tunashangaa akiuza mbuzi wawili apate nauli ya kwenda mjini.

Ombi langu

Naomba kila kata ijaribu maonyesho yake, nusu siku tu, baada ya mavuno na kabla ya Nane Nane. Uwanja wa shule unatosha. Kila kikundi kilete vitu vyake: mahindi matano bora, mtetea, asali, kikapu, maandazi. Watoto wawe na mbuzi na sungura wao, na kila mmoja awe na daftari. Bwana shamba na bibi mifugo wawe majaji, kwa sharti moja: waeleze sababu mbele ya watu wote. Utepe ni kitambaa tu, fundi cherehani wa kijijini anaukata kwa bei ndogo. Hotuba za wageni rasmi ziwe fupi. Pawe na ngoma, kwaya na chakula, maana watu wasipofurahi hawatarudi mwakani.

Watakaofanya vizuri ndio tuwapandishe kwenye gari la Nane Nane, mtoto pamoja na mbuzi wake.

Kabla hatujafunga mkutano mchana huu, kila kikundi kiniandikie mambo matatu: tarehe, uwanja, na majina ya watoto watano watakaoanza kutunza daftari mwezi huu. Nitapita kila kata kuyaona madaftari hayo.