Kupanga Diski ya Kompyuta: Nakala Kwanza

Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi

Wengi wenu mmetuletea lalamiko moja: kompyuta ya kikundi imekuwa nzito. Unaiwasha, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado inajikokota. Tena kuna kijana amewaambia dawa yake ni kudifragi. Je, ni kweli? Ni kweli nusu. Ile nusu nyingine ilitugharimu sisi wenyewe, kwa hivyo leo hatutaificha.

Kwanza tuelewane difragi ni kitu gani. Chukueni daftari la mikopo. Ukurasa wa 4 umeandika hesabu ya mwanachama mmoja. Umejaa, na ukurasa wa 5 tayari una mtu mwingine. Basi unaendelea naye ukurasa wa 31, kisha wa 58. Hakuna kilichopotea, lakini siku akiuliza deni lake unapekua mbele na nyuma huku foleni inangoja. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Hadi diski imegawanywa katika vyumba vidogo vidogo, kwa kawaida kilobaiti 4 kila kimoja katika Windows za miaka hii. Faili ikikosa nafasi ya pamoja, vipande vyake huwekwa popote penye nafasi. Kudifragi ni kuvikusanya vile vipande na kuvipanga vifuatane, kama vile unavyonunua daftari jipya ukamnakili kila mtu na kurasa zake.

Mbona jambo hili huleta uzito? Ndani ya hadi diski mna sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kama ule wa santuri za zamani. Kila mkono ukihama na kungoja mahali pake pazunguke pafike, hupita kama milisekunde 10 au zaidi. Utasema hiyo ni kidogo. Haya, faili iliyokatika vipande 1,000 itakula kama sekunde 10 za kuhangaika tu, kabla hujahesabu kazi yenyewe ya kusoma.

Kazi hii si ngeni. MS-DOS 6 ya mwaka 1993 ilikuja na programu yake, na waliotumia Windows 95 watakumbuka ile miraba ya rangi iliyohamahama kwenye kioo; sisi tuliwahi kuitazama jioni nzima kama mpira. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ilipangiwa kuifanya yenyewe kila Jumatano saa saba usiku. Sasa, ni ofisi gani ya kikundi inayoacha kompyuta ikiwaka saa saba usiku, na bili ya stima tunaijua? Mashine ikiwa imezimwa saa hiyo, hungoja wakati mwingine ambapo haina shughuli. Nyingi za kwetu huwashwa kwa shughuli na kuzimwa zikiisha, ndiyo maana tunazikuta hazijapangwa kwa miaka.

Lakini angalieni. Kuna diski za aina nyingine ziitwazo SSD. Hizo hazina sahani wala mkono, hazizunguki. Kipande kiwe karibu au mbali, kwake ni mamoja. Tena kila chumba chake kina kiasi cha kuandikwa, kisha huchakaa. Ukiilazimisha kudifragi ile ya kizamani unaichosha bila faida. Windows 8 ya mwaka 2012 na zilizofuata hutambua SSD na kuitunza kwa njia yake, kwa hivyo iacheni. Kutaka kujua mnayo ipi, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, mwandike dfrgui. Katika Windows 8 na baada yake mtaona kila diski na aina yake.

Sasa tuwaeleze yaliyotupata.

Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta ya mtumba iliyobeba hesabu za akiba na mikopo za kikundi cha akina mama. Ilikuwa ikitoa mlio, tik, tik, tik, hasa asubuhi. Sisi tulidhani ni uzee tu. Tulipoona imekuwa nzito tukaanzisha difragi jioni, tukafunga mlango, tukaenda zetu nyumbani. Nakala hatukuwa nayo. Asubuhi kioo kilikuwa cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, na diski haikusomeka tena. Fundi alitueleza kwamba ule mlio ulikuwa wa diski inayokufa. Difragi huisoma na kuiandika diski kwa saa nyingi bila kupumzika. Kwa diski iliyo mahututi, ni kumwamsha mgonjwa akabebe magunia.

Tukarudi kwenye vijitabu vya wanachama. Hapo ndipo aibu yetu ilipoonekana, maana kwa miezi minne tulikuwa tumeacha kuviandika, tuliiamini mashine. Mama mmoja alisema amemaliza mkopo wake wote. Hakuwa na risiti, nasi hatukuwa na cha kuonyesha. Mweka hazina alikumbuka kupokea pesa, lakini si kiasi gani. Kamati ilikubali neno lake, ingawa wapo waliong'unika, naye aliwasikia. Bado huja mikutanoni, ila siku hizi huketi karibu na mlango.

Kwa hivyo sisi sasa twafanya hivi. Nakala kwanza, kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya ofisi. Kama diski inatoa mlio au faili zinakataa kufunguka, hatudifragi kabisa. Twatoa nakala na kutafuta diski nyingine. Kama ni nzima, twaipunguzia mzigo. Programu ya Windows XP ilitaka asilimia 15 ya diski iwe tupu, kwa maana huwezi kupanga ghala lililojaa hadi mlangoni. Katika mashine moja ya kikundi tulikuta video za harusi tatu, na hakuna aliyekiri. Kisha ndipo twaanzisha difragi, asubuhi, stima ikiwa imetulia na mtu yuko karibu.

Na msinunue zile programu za barabarani za kuongeza kasi. Nyingine ni virusi vilivyovaa kanzu. Mkipata pesa kidogo, kubadilisha hadi diski kwa SSD kutawafaa kuliko difragi kumi.

Baada ya chai tutaanza kutazama mashine mlizokuja nazo. Tutaanza na wenye flashi. Ambaye hana nakala, mashine yake hatutaigusa mpaka awe nayo, na asikasirike.